Tubebe Bastola au Tusibebe?

(Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa Watanzania na ndugu zetu wa Afrika Mashariki hapa Toronto. Nimeyaandika kwa ombi la waliokosa kufika, pamoja na wale wa nyumbani waliotaka kuyasoma.)

 

Nashukuru kupewa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie usalama wetu sisi tunaoishi ughaibuni na tunaotarajia kurudi nyumbani. Mada hiyo ni pana mno, kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu, kile ambacho kila tukikutana kwenye misiba na harusi lazima kiibuke. Mtu mwenye familia yake, asiye jambazi, mwenye akili timamu, abebe bastola ya kujilinda au asibebe?

Sisemi kama mwanasheria wala mwanasiasa. Mimi ni muuguzi, nina digrii yangu ya uuguzi, na nimekaa miaka kadhaa nikihudumia watu wanaoletwa usiku wakiwa na majeraha, yakiwemo ya risasi. Sitataja mgonjwa wala hospitali, maana siri ya mgonjwa ni amana. Ninayo pia sababu yangu binafsi. Mimi na mume wangu tunajenga Bunju, nje kidogo ya Dar. Mwakani, Mungu akipenda, tunarudi na watoto wetu wawili. Mume wangu anasema tukifika tu ataanza kufuatilia leseni ya bastola. Mimi sitaki. Tumeliongea jambo hili mezani kwa miezi mingi, na amekubali nilizungumze hapa mbele yenu. Amekaa pale nyuma, naomba msimgeukie wote kwa pamoja.

TUANZE NA HAPA TULIPO

Wengi wetu tulipokuja Canada tuliambiwa hii ni nchi ya amani, na kwa kweli ni nchi ya amani. Lakini Toronto tunaijua. Mwaka 2005 waandishi wa habari waliuita mwaka wa bunduki, kwa sababu kati ya mauaji 80 ya mwaka ule, 52 yalikuwa ya risasi. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka huohuo, binti wa miaka 15 aliuawa Yonge Street akiwa amekwenda kununua vitu na ndugu zake. Julai 2012, kwenye sherehe ya majirani mtaa wa Danzig, Scarborough, vijana walirushiana risasi katikati ya umati. Wawili walikufa na zaidi ya 20 wakajeruhiwa. Julai 2018 mtu mmoja alitembea Danforth akipiga watu risasi, akaua mtoto wa miaka 10 na msichana wa miaka 18.

Kwa hiyo mtu akiniambia "dada, mimi naogopa," simcheki. Mimi mwenyewe hutoka zamu usiku wa manane na kusimama peke yangu kituo cha basi. Naujua woga ule. Mtu akivuta hatua nyuma yako, funguo unazishika mkononi bila hata kufikiri.

Sheria ya hapa inasemaje? Kwa kifupi, mlango wa kubeba bastola kwa ajili ya kujilinda umefungwa, na ule ufa uliobaki ni mwembamba sana. Chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1995, kibali cha kubeba bastola kwa kulinda uhai hupewa mtu anayethibitisha kwamba maisha yake yako hatarini kweli, kwamba hatari hiyo inatoka kwa watu mahususi, na kwamba ulinzi wa polisi hautoshi. Wanaopewa ni wachache mno. Oktoba 2022 serikali ikasimamisha kabisa uuzaji na uhamishaji wa bastola kati ya raia wa kawaida, na Desemba 2023 jambo hilo likaingia kwenye sheria iliyopitishwa na Bunge. Hata ile dawa ya kupuliza machoni, inayouzwa kwa matumizi dhidi ya binadamu, hapa ni silaha iliyopigwa marufuku. Dada zangu mlioletewa na shangazi zenu kutoka Marekani, mmeshasikia.

Sasa kuna kundi moja ambalo halingojei kibali cha mtu, nalo ni vijana wetu. Sisemi wote. Nasema wapo wa umri wa miaka 16, 17, 19, ambao wamekulia Jane na Finch, Rexdale, Scarborough, na wanaamini kwamba asiyebeba ndiye atakayeuawa. Ukimuuliza anakujibu kwa neno lilelile analotumia baba yake akizungumzia Bunju. Anasema ni la kujilinda.

Tazameni kesi ya Nur, maana wazazi wengi hawaijui. Kijana wa miaka 19, wa familia ya Kisomali, alikamatwa Januari 2009 karibu na kituo cha vijana eneo la Jane na Finch akiwa na bastola yenye risasi. Hakumpiga mtu risasi. Shuleni alikuwa akifanya vizuri. Akahukumiwa miezi 40. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Canada, na mwaka 2015 mahakama ikafuta kile kifungo cha lazima cha miaka 3 kwa kosa la namna hiyo, lakini adhabu yake yeye ikabaki palepale. Kwa hiyo jina lake likaingia kwenye vitabu vya sheria, na miaka yake ya ujana ikabaki gerezani.

Wazazi wengi pia hawajui kwamba mkazi wa kudumu ambaye hajachukua uraia, akipatikana na kosa zito na kufungwa miezi 6 au zaidi, anapoteza haki ya kukata rufaa dhidi ya amri ya kumwondoa nchini. Tangu mwaka 2013 ndivyo ilivyo. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 2. Unaweza kuwa umebeba maboksi miaka 20 ili mwanao asome, halafu akarudishwa nchi asiyoijua hata lugha yake vizuri, kwa sababu ya kipande cha chuma alichokuwa nacho "kwa usalama wake." Naomba leo usiku mkifika nyumbani muulize vijana wenu kama wameshachukua uraia. Na muwaulize wanaogopa nini. Maswali hayo mawili yaende pamoja.

RISASI INAFANYA NINI

Kwenye sinema mtu anapigwa risasi ya bega, anafungwa kitambaa, na kesho anakwenda kulipiza kisasi. Ndugu zangu, hayo ni ya sinema. Kwenye bega kuna mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu inayoendesha mkono mzima. Risasi haipiti kama sindano. Inapasua nyama pembeni ya njia yake, inavunja mfupa, na vipande vya mfupa navyo vinageuka visu. Mtu anaweza kumaliza damu ndani ya dakika chache kabla gari la wagonjwa halijafika. Anayepona hatoki alivyoingia. Nimewahudumia vijana wanaojifunza upya kukaa, kwa sababu uti wa mgongo umekatika. Nimemfundisha mtu wa umri wa mdogo wangu jinsi ya kusafisha mfuko wa kinyesi uliobandikwa tumboni. Ndiyo maana nikisikia watu wazima wakizungumza habari ya "kumpiga ya mguu tu," najua hawajawahi kuuona mguu huo.

Tena hapa Ontario tangu mwaka 2005 hospitali ina wajibu wa kisheria kutoa taarifa polisi ikimpokea mtu mwenye jeraha la risasi. Hakuna cha "tutayamaliza wenyewe." Ukishapigwa au kupiga, jambo hilo limeshaingia serikalini.

Nikiangalia nyuma, walioletwa kwa sababu ya jambazi asiyejulikana si wengi kama mnavyodhani. Wapo waliogombana na mtu wanayemfahamu. Wapo waliopigwa kwa kudhaniwa mwingine. Na wapo waliojipiga wenyewe. Hao wa mwisho sisi Waafrika hatupendi kuwazungumzia, lakini mimi lazima niwazungumzie. Anayejaribu kujiua kwa vidonge mara nyingi tunamuwahi, na wengi tuliowawahi wanaendelea kuishi, wanaoa, wanazaa. Anayejaribu kwa bastola, takriban tisa kati ya kumi hatuwapati. Sonona ya ughaibuni mnaijua: upweke, madeni, ndoa kuvunjika, msiba wa mzazi uliyeshindwa kwenda kumzika. Usiku wa namna hiyo unapita kama hakuna silaha ndani ya nyumba.

NDUGU ZETU WA MAREKANI

Wengi wetu tuna ndugu Texas, Ohio, Minnesota, na wao wanatuona waoga. Kule hali ni tofauti. Kwa hesabu za watafiti wa Small Arms Survey za mwaka 2017, raia wa Marekani wana silaha zipatazo milioni 393, yaani nyingi kuliko watu wenyewe. Sisi Canada tulikuwa na silaha kama 35 kwa kila watu 100, nyingi zikiwa bunduki za kuwindia. Tanzania ilikuwa chini ya moja kwa kila watu 100. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka New York, ikaamua kwamba kubeba bastola hadharani kwa kujilinda ni haki ya kikatiba. Kwa hiyo binamu yako wa Houston akikwambia anayo ndani ya gari, havunji sheria yoyote.

Lakini sheria kuruhusu jambo haina maana kwamba jambo hilo linakulinda. Wapo waliolipima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walifuatilia watu wazima milioni 26 wa jimbo la California kwa miaka 12, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Wanaume waliokuwa na bastola walijiua kwa risasi mara 8 zaidi ya wanaume wasiokuwa nayo. Wanawake waliokuwa nayo, mara 35 zaidi ya wanawake wasiokuwa nayo. Mwaka 2022 wakatoa utafiti mwingine, safari hii kuhusu watu wasio na bastola lakini wanaishi nyumba moja na mwenye nayo. Hao waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya majirani ambao nyumba zao hazikuwa na silaha. Na kuuawa kwa risasi na mume, mke au mpenzi wao wenyewe ilikuwa mara 7 zaidi. Wengi wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake.

Mume wangu alipoisoma alisema, "Hao ni Wamarekani." Ni kweli. Basi tuje kwetu.

NYUMBANI

Mwaka 2006 mwezi wa Novemba, Dar es Salaam, magari mawili yaligusana barabarani. Moja la kigogo, moja daladala. Dereva wa daladala akapigwa risasi kichwani akiwa kwenye usukani, akafa. Aliyeshtakiwa ni aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Ditopile Mzuzuri. Wenye umri wangu mnakumbuka jinsi nchi ilivyotikisika, na jinsi shitaka lilivyobadilishwa kutoka mauaji ya kukusudia kuwa kuua bila kukusudia. Yeye akafariki Aprili 2008 kabla kesi haijamalizika, kwa hiyo mahakama haikupata kusema neno la mwisho, na mimi sitamhukumu marehemu. Nauliza tu swali moja. Bila bastola ndani ya gari lile, ugomvi wa magari kugusana ungeishia wapi? Ungeishia kwenye matusi, pengine makofi, na trafiki kuja kuandika.

Oktoba 2013, Kibamba, mwanaume mmoja alikwenda nyumbani kwa wazazi wa mwenzake, mwandishi wa habari wa televisheni mnayemfahamu. Ilikuwa kuzungumza mambo yao. Mazungumzo yakaharibika, akatoa bastola. Akamuua mama wa yule dada, akamjeruhi dada mwenyewe, akajiua. Hapakuwa na jambazi pale. Palikuwa na mkwe na wenyeji wake sebuleni.

Mwaka huohuo, Februari, Afrika Kusini, Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo nyumbani kwake. Alisema alidhani ni mwizi. Alikuwa mpenzi wake. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikamtia hatiani kwa mauaji. Huyu alikuwa mtu aliyezoea silaha, anakwenda kulenga shabaha. Saa tisa za usiku, gizani, moyo unadunda, masomo yote yale hayakumfundisha kuuliza "nani yuko humo?"

Kuna jambo jingine ambalo wenye nia ya kununua bastola Dar hawalifikirii. Silaha yenyewe ni mali inayotafutwa. Julai 2015 watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi Stakishari, Ukonga, wakaua askari na raia, wakaondoka na bunduki. Aprili 2017 kule Kibiti askari 8 waliokuwa kwenye gari waliviziwa na kuuawa, na silaha zao zikachukuliwa. Hawa walikuwa askari waliofunzwa, wakiwa kundi, wakiwa na bunduki kubwa. Sasa wewe uliyerudi juzi kutoka Toronto, umelala na mkeo, na mtaa mzima unajua una bastola kwa sababu fundi aliiona, dereva aliisikia, na mjomba aliitangaza kwenye kinywaji. Umeshampa jambazi sababu ya pili ya kuja. Na atakuja akijua aanze na wewe.

WANAOPINGANA NAMI WANA HOJA

Nisiwe kama mhubiri asiyesikia. Wenye mawazo tofauti wana hoja, tena nzito.

Hoja ya kwanza ni Westgate. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo lile Nairobi na kuua watu 67, miongoni mwa walioingia mwanzo kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni za bastola. Abdul Haji aliingia kwa sababu kaka yake alikuwa ndani, akaishia kusaidia kuwatoa wanawake na watoto asiowajua. Namvulia kofia, na yeyote anayesema raia mwenye bastola hajawahi kuokoa mtu anasema uongo. Lakini tukumbuke yaliyofuata. Polisi na wanajeshi, wote wenye mafunzo, wote wenye nia njema, walijikuta wakirushiana risasi wenyewe kwa wenyewe kwa kutotambuana. Na Westgate ni siku moja. Ushujaa wa siku moja siwezi kuutumia kupanga maisha ya nyumba yangu kwa miaka 30.

Hoja ya pili ni kwamba polisi hawaji. Mama yangu mkubwa alivamiwa nyumbani kwake na watu wenye mapanga na nondo. Majirani walipiga simu na gari halikufika hadi kumepambazuka. Mume wangu huitaja habari hii kila mara, na ana haki. Jibu langu ni kwamba watu wale walivunja mlango na kufika kitandani kwake kabla hajavaa miwani. Angekuwa na bastola, ingekuwa kabatini, na wao walikuwa wanne. Leo tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Walichukua televisheni, simu na fedha. Yeye yupo, juzi nimeongea naye.

Hoja ya tatu ni ngumu zaidi, nayo ni ya "watu wasiojulikana." Kuna wanaosema hawamuogopi mwizi, wanamuogopa anayekuja na gari lisilo na namba. Tundu Lissu alipigwa risasi 16 Dodoma, Septemba 2017, mchana, akiwa ndani ya gari lake. Azory Gwanda, mwandishi wa habari, alichukuliwa Kibiti Novemba mwaka huo na hajaonekana tena. Septemba 2024 Ali Kibao wa CHADEMA alishushwa kwenye basi Tegeta mbele ya abiria, mwili wake ukakutwa Ununio. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, wengi tuliomo humu tulikaa siku kadhaa tukipiga simu nyumbani bila majibu kwa sababu intaneti ilizimwa. Sitajifanya kwamba woga huo ni wa kujitungia. Lakini hebu tuwe wakweli: bastola ya kiunoni ingemsaidia nini Lissu dhidi ya bunduki za kivita? Ingemsaidia nini Kibao kwenye basi lenye abiria? Ingewapa tu wale waliokuja cha kusema kesho yake, kwamba marehemu alikuwa na silaha na alijaribu kuitumia. Woga wa namna ile dawa yake ni mahakama, Bunge, vyombo vya habari na sisi tulio nje kuendelea kutaja majina ya watu hawa. Ni dawa ya polepole na inachosha, najua.

KINACHONISUMBUA KISIASA

Tulio humu tuna uwezo kidogo kuliko mtu wa kawaida kule. Tukirudi tutajenga ukuta, tutaweka nyaya za umeme juu, tutaajiri mlinzi, na mwenye hela zaidi atachukua leseni ya bastola. Kila mmoja atakuwa amejinunulia usalama wake. Je, nani atabaki kupiga kelele kwamba kituo cha polisi hakina mafuta ya gari? Mama muuza vitumbua anayetoka saa kumi alfajiri na ndoo yake? Yeye sauti yake haifiki popote. Ndivyo ilivyokuwa kwa shule, na ndivyo ilivyokuwa kwa hospitali. Wenye uwezo walipoondoka, zilizobaki zikawa za walalahoi, na hakuna aliyeziuliza tena.

Sisi si watu tusiojua kulindana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Shinyanga na Tabora, walipochoshwa na wezi wa mifugo, waliunda sungusungu kwa pinde na mishale. Nayo ilikuwa na dhambi zake, ilitesa na kuua wasio na hatia, kwa hiyo siipambi. Baadaye, IGP Said Mwema alipoingia mwaka 2006, tukasikia sana habari za polisi jamii na ulinzi shirikishi. Pale ambapo mwenyekiti wa mtaa ni mtu makini, majirani wanachanga na askari anajulikana kwa jina, jambo hilo linafanya kazi. Pale ambapo kila mtu amejifungia nyuma ya geti lake, halifanyi.

UAMUZI WANGU

Mimi nimeamua. Sitabeba bastola, na nimemwambia mume wangu sitalala nyumba yenye bastola na watoto wangu. Swali la "nitampiga nani risasi" nimeliacha. Ninachojiuliza ni nani atakayeishi na kitu hiki kila siku. Jambazi akija, atakuja kwa dakika 10, pengine mara moja maishani, pengine asije kabisa. Saa zote zilizobaki bastola ile itaishi na mwanangu wa miaka 7 anayefungua kila droo, na dada wa kazi, na mdogo wangu mwenye siku zake za huzuni, na mimi na mume wangu siku tuliyokasirikiana. Hao ndio niliowafikiria.

Fedha ambazo zingekwenda kwenye bastola, sefu na safari za ofisini tumezipangia kazi. Taa za jua kuzunguka nyumba. Mlango wa chuma wa kutenganisha vyumba vya kulala na sebule, wenye ufunguo ndani ili moto ukitokea tutoke. King'ora ambacho majirani watakisikia. Mbwa wawili. Mchango wetu wa ulinzi wa mtaa kila mwezi bila kusukumwa, na namba ya simu ya mkuu wa kituo ukutani jikoni. Na mdomo kufungwa. Tusirudi na kontena tukaita mtaa mzima kuja kulishuhudia, halafu tukashangaa wezi wamejuaje.

Kwa anayenisikiliza na bado akasema ataichukua, siwezi kumzuia, sheria inamruhusu aombe. Namwomba mambo manne. Moja, mke wako au mume wako akubali kwanza, bila kushurutishwa. Hapa Canada ukiomba leseni ya silaha, mwenzi wako, hata yule mliyeachana ndani ya miaka 2, huarifiwa. Sheria hiyo ina busara. Mbili, silaha ikae kwenye sefu, risasi mahali pengine, na ufunguo usiujue mtoto. Tatu, siku unayokunywa isitoke. Nne, ukiona usingizi umekukimbia, chakula hakina ladha, na mawazo mabaya yanakuja, itoe nyumbani siku hiyohiyo. Usingoje kesho.

Na kwa sisi tunaobaki hapa Toronto, mtoto wako akialikwa kulala kwa rafiki yake, uliza kama nyumba ile ina silaha na imefungiwa wapi. Si ukosefu wa adabu. Unauliza kama kuna mbwa mkali, kwa nini usiulize hilo?

Mume wangu nilipomaliza kumweleza haya yote alisema atafikiri. Bado anafikiri, na tiketi tunakata mwezi wa sita. Nawaachia na ninyi mfikiri, kisha tuulizane maswali.

 Mungu ibariki Tanzania, Mungu ibariki Afrika.